Gesi iliyojificha kwenye kuta: jinsi ya kuandaa chombo cha ombwe ili shinikizo lishuke

Umefunga chombo, umewasha pampu, na dakika za mwanzo shinikizo linaporomoka kama inavyotakiwa. Kisha linaanza kusuasua. Saa ya kwanza inapita, ya pili inapita, geji (kipima shinikizo) imegoma palepale. Wengi wakifika hapa hukimbilia kukaza boliti, au huanza kuulizia pampu kubwa zaidi. Mara nyingi ni kupoteza nguvu tu, kwa sababu hewa iliyokuwa chomboni ilishaondoka zamani. Kinachoilemea pampu sasa ni gesi inayotemwa na chombo chenyewe: kuta zake, gasketi, nyaya, gundi, skrubu, na kila ulichoweka ndani.

Mwongozo huu ni wa anayejenga au kutumia chombo cha ombwe, yaani chombo kinachotolewa hewa ndani, iwe kwa maabara, kwa kupaka utando mwembamba wa metali juu ya kioo, au kwa kutoa mapovu kwenye resini. Msimamo wangu nautoa mapema: kazi kubwa hufanyika mezani, wakati wa kuchagua vitu, kuvisafisha na kuvikausha. Pampu huja baadaye kumalizia.

Gesi hiyo inatoka wapi

Kila uso uliowahi kuguswa na hewa umebeba molekuli zilizonata juu yake, na nyingi kati ya hizo ni za maji. Tabaka lenye unene wa molekuli moja tu lina takriban molekuli 10¹⁵ kwa kila sentimita ya mraba. Ukizikusanya zilizonata kwenye mita moja ya mraba na kuziachia ndani ya chombo cha lita 10, shinikizo litapanda hadi karibu milibari 0.04 (hewa ya kawaida ni milibari 1,000 hivi). Kama ulikuwa unalenga milibari 10⁻⁶, hiyo ni mara elfu arobaini ya lengo lako, na hapo tumehesabu tabaka moja. Uso halisi wa metali una mabonde na vitundu visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo eneo lake ni kubwa kuliko unalopima kwa rula, na maji hukaa juu yake kwa tabaka zaidi ya moja.

Kwa nini maji yanasumbua kuliko gesi nyingine? Nitrojeni na oksijeni hushikwa na uso kwa nguvu ndogo mno, hivyo huachia mara moja na kuvutwa na pampu. Gesi iliyoshikwa kwa nguvu kubwa kupita kiasi nayo haisumbui, maana haitoki kabisa. Maji yako katikati. Molekuli ya maji iliyoshikwa na metali kwa nishati ya kilojuli 95 hivi kwa moli hukaa palepale karibu saa 2 kwenye joto la kawaida la chumba kabla ya kujinasua. Ikijinasua haiendi moja kwa moja kwenye pampu. Inaruka hadi ukuta wa pili, inanata tena, inangoja tena. Lakini pandisha joto la ukuta huo hadi nyuzi 150 za Selsiasi, na muda uleule wa kungoja unashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukielewa hesabu hiyo moja, hatua nyingi zilizo hapa chini zitajieleza zenyewe.

Zaidi ya gesi iliyonata juu, kuna iliyoyeyuka ndani ya kitu chenyewe. Chuma huhifadhi haidrojeni tangu kilipoyeyushwa kiwandani, nayo hupenya polepole kati ya atomi hadi ifike juu. Plastiki na mpira hufyonza maji, viyeyusho na hewa katika unene wao wote, na juu ya hayo huwa na viungo vya kulainisha ambavyo navyo huvukiza. Mpira pia huruhusu gesi ya nje ipenye taratibu kuingia ndani, hata ukiwa hauna ufa wowote. Na mwisho kuna hewa ya kawaida iliyonaswa kwenye vijifuko: chini ya skrubu, kati ya bati mbili, ndani ya mshono wa kuchomelea. Hii ya mwisho ina sehemu yake peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoongoza kwa kupoteza muda wa watu.

Hatua ya 1: Amua unahitaji ombwe kali kiasi gani

Usianze na usafi wa kupindukia kama kazi yako haiuhitaji. Kukausha kitu au kutoa mapovu kunataka milibari chache tu. Kupaka utando wa alumini juu ya kioo hufanyika vizuri kuanzia 10⁻⁵ hadi 10⁻⁶. Anayechunguza uso safi wa metali anahitaji 10⁻¹⁰ au chini ya hapo, na sababu yake ni wazi: kwenye 10⁻⁶, uso uliosafishwa kikamilifu hufunikwa na tabaka jipya la gesi ndani ya sekunde chache, wakati kwenye 10⁻¹⁰ hubaki safi kwa saa kadhaa.

Baada ya kuamua, piga hesabu. Shinikizo utakalofikia ni kiasi cha gesi kinachoingia kwa sekunde, ukigawanya kwa kasi ya pampu. Chukua chombo cha chuma cha pua cha lita 10 chenye eneo la ndani la sentimita za mraba 3,000. Kikiwa safi lakini hakijapashwa moto, baada ya saa chache za kuvuta jumla ya gesi kinachotema inaweza kuwa 2×10⁻⁵ milibari·lita kwa sekunde (milibari·lita ni kipimo cha kiasi cha gesi: shinikizo mara ujazo). Pampu ya lita 50 kwa sekunde itakufikisha 4×10⁻⁷. Weka ya lita 100 na utafika 2×10⁻⁷. Umeongeza pampu maradufu, umepata nusu.

Sasa rudi kwenye pampu ileile ndogo, ila pasha chombo moto mpaka kila sentimita ya mraba iteme 10⁻¹² tu. Jumla inakuwa 3×10⁻⁹, na shinikizo linashuka hadi 6×10⁻¹¹. Hiyo ni zaidi ya mara elfu sita. Kwenye chombo halisi gasketi za mpira na kikomo cha pampu vitakuzuia kabla ya kufika huko, lakini mwelekeo ndio huo, na ndiyo maana nasisitiza kwamba pampu kubwa ni jibu la mwisho kufikiriwa. Isitoshe, pampu kubwa iliyounganishwa kwa bomba jembamba na refu haifanyi kazi kama pampu kubwa. Bomba ndilo linaloamua.

Kama unachotaka ni kutoa mapovu kwenye resini tu

Sehemu hii ni yako, na nyingi zinazofuata unaweza kuziruka. Povu lililonaswa ndani ya epoksi au silikoni hutanuka kadiri shinikizo linavyoshuka: kutoka milibari 1,000 hadi 30, ujazo wake unaongezeka zaidi ya mara 30. Linapokua hupanda juu na kupasuka. Kwa hiyo mchanganyiko mzima utafura kama maziwa yanayochemka, na chombo kilichojazwa nusu kitamwagika. Jaza robo tu.

Changanya polepole, usipige hewa ndani. Vuta mpaka povu lipande, acha lipande, halafu subiri liporomoke lenyewe. Likikaribia ukingo, ingiza hewa kidogo kwa valvu kisha endelea. Baada ya kuporomoka, ongeza dakika chache, basi. Ukiona mapovu makubwa yanaendelea kutoka bila kukoma, huenda hayo si hewa tena bali ni kiyeyusho kilichomo kwenye resini kinachochemka, na ukiendelea utaharibu uwiano wa mchanganyiko. Resini za poliesta zenye stairini ziko hivyo. Jambo jingine ni maji: kwenye nyuzi 20 maji huchemka shinikizo likifika milibari 23 hivi, kwa hiyo mbao au kopo lenye unyevu vitatoa mvuke muda wote unaovuta. Vikaushe kwanza kwenye oveni.

Na tafadhali, kifuniko kiwe kile kilichotengenezwa kwa kazi hii. Hewa ya nje inakandamiza kifuniko cha kipenyo cha sentimita 30 kwa uzito unaozidi kilo 700. Chupa ya kawaida ya kioo au ndoo ya plastiki inaweza kusambaratika bila kutoa dalili yoyote. Vaa miwani ya kinga, na ukiona ufa mdogo kwenye kifuniko, kiweke kando moja kwa moja.

Hatua ya 2: Chagua vitu vya kuingia ndani

Vinavyoaminika ni vichache na vinajulikana: chuma cha pua cha aina 304 au 316, alumini, shaba safi isiyo na oksijeni, kioo, na seramiki ya alumina. Ukiweza kujenga kila kitu kwa hivyo, nusu ya safari imekwisha.

Angalia sana metali zenye mvuke. Zinki hufikia shinikizo la mvuke la karibu 10⁻⁶ milibari kwenye nyuzi 180 hivi, na kadimiamu hufika hapo mapema zaidi, karibu nyuzi 120. Maana yake aloi ya shaba na zinki, boliti zilizopakwa zinki, na skrubu zenye rangi ya dhahabu iliyofifia zinazopakwa kadimiamu havifai kabisa ndani ya chombo kitakachopashwa moto. Zinki itahama kutoka kwenye boliti na kuganda kwenye kioo chako, kwenye vihami vya umeme, popote penye ubaridi. Boliti ndogo moja inatosha kuchafua chombo kizima, kwa hiyo kagua hata nati na washa.

Kwenye plastiki, PTFE na PEEK hutumika sana, na polimidi pia, ingawa hiyo ya mwisho hufyonza maji kwa wepesi na inahitaji kupashwa moto kabla ya kazi. Nailoni inakunywa maji mengi mno. PVC ina vilainishi ambavyo havitaisha kutoka. Waya wa kawaida wa umeme wenye ganda la PVC ni kosa linalojirudia kila mahali, na unaepukika kwa urahisi: tumia waya mtupu uliopitishwa kwenye shanga za seramiki, au wenye ganda la polimidi. Grisi ya silikoni niachie nje ya maabara. Mvuke wake husambaa, hutambaa juu ya nyuso, na hukaa hapo baada ya wewe kusahau kwamba uliwahi kuitumia.

Gasketi: kwa ombwe la wastani, mpira wa fluoroelastoma kama Viton ni mzuri kuliko nitrili, na unastahimili nyuzi 150. Kwa ombwe kali kabisa tumia gasketi za shaba zinazobanwa na makali ya flenji za chuma, yaani zile pete bapa za kuunganishia. Hizo hustahimili joto kali na hazipitishi gesi, ila kila ukifungua unaweka mpya.

Ukitaka takwimu kabla ya kununua gundi au plastiki, tafuta matokeo ya kipimo sanifu kiitwacho ASTM E595. Sampuli hupashwa joto la nyuzi 125 ndani ya ombwe kwa saa 24, na karibu yake huwekwa bati lililopozwa hadi nyuzi 25. Kisha hupimwa vitu viwili: uzito uliopotea kwa jumla, ambao kwa kawaida haupaswi kuzidi asilimia 1.0, na uzito wa kilichoganda kwenye bati, usiozidi asilimia 0.10. Kituo cha Goddard cha NASA, shirika la anga la Marekani, kinatunza orodha ya wazi ya vitu vilivyopimwa kwa njia hiyo. Lakini usiitumie bila kufikiri. Kipimo kilibuniwa kwa ajili ya vyombo vya angani, na kinachoulizwa hapo ni kama kitu kitachafua lenzi. Gundi iliyofaulu kwa asilimia 0.8 bado inaweza kuwa balaa kwenye chombo cha 10⁻⁹, maana asilimia 0.8 ya gramu moja ni miligramu nane za mvuke.

Wahandisi wa anga wana sababu ya kuwa wakali. Chombo cha anga cha Stardust cha NASA kilichorushwa mwaka 1999 kilikuta kamera yake ya kuongozea safari imefunikwa na ukungu wa uchafu uliotoka kwenye chombo chenyewe, ikabidi kamera ipashwe moto. Darubini ya Euclid ya ESA (shirika la anga la Ulaya), iliyorushwa Julai 2023, ilianza kupoteza mwanga kwa sababu ya utando mwembamba sana wa barafu, maji yaliyobebwa kutoka duniani ndani ya vifaa vyake. Machi 2024 wahandisi walipasha moto kioo kimoja tu, kwa nyuzi 34, kutoka hasi 147 hadi hasi 113, na mwanga ukarudi. Na hivyo ni vyombo vilivyoandaliwa kwenye vyumba safi, na watu wanaojua wanachofanya.

Hatua ya 3: Ondoa vijifuko vya hewa kabla ya kuunganisha

Chukua skrubu ya milimita 6 na uikaze kwenye tundu lisilotoboka upande wa pili. Chini yake kunabaki nafasi ndogo, tuseme sehemu moja ya kumi ya sentimita ya ujazo, imejaa hewa ya kawaida. Ni milibari·lita 0.1. Hewa hiyo haina njia ya kutoka ila kujipenyeza kwenye mzunguko wa nyuzi za skrubu. Ikitoka kwa 10⁻⁶ milibari·lita kwa sekunde, itachukua zaidi ya siku nzima, na muda wote huo geji yako itaonyesha kitu kinachofanana kabisa na mvujo. Utazunguka chombo kwa nje ukitafuta tundu usilipate, kwa sababu tundu liko ndani.

Dawa yake ni rahisi ukiifanya mapema. Toboa tundu lipite hadi upande wa pili. Kama haiwezekani, tumia skrubu iliyotobolewa katikati kwa urefu wake, au chukua tupa ukate mfereji mdogo kando ya nyuzi, kutoka ncha hadi kichwani, na uhakikishe washa haizibi mfereji huo. Bati mbili zinazogusana uso kwa uso nazo zikwanguliwe mfereji kati yake.

Mishono ya kuchomelea ina kanuni yake: mshono kamili usio na pengo uwe upande wa ndani, ule unaotazama ombwe. Ukihitaji nguvu zaidi upande wa nje, weka vipande vifupi vya mshono vilivyoachana. Ukichomelea pande zote mbili mfululizo, umefungia hewa katikati, na mshono wa ndani ukiwa na kitundu kidogo cha sindano, hutakipata kamwe.

Pete mbili za mpira zilizofuatana, bila tundu la kuvutia nafasi iliyo kati yake, ni kijifuko vilevile.

Hatua ya 4: Safisha, kausha, na usiguse tena

Alama ya kidole ni mafuta ya ngozi, chumvi na maji. Mafuta hayo yanatoa mvuke kidogo kidogo kwa muda mrefu, na ukiyapasha moto bila kuyafuta kwanza yanaungua na kugandamana na metali. Kwa hiyo glavu za nitrili zisizo na unga zianze kuvaliwa kabla ya kusafisha, na zibadilishwe baada ya kushika kitu kichafu. Kushika mpini wa mlango kwa glavu kisha ukarudi kwenye flenji ni sawa na kutokuwa na glavu.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Futa mafuta mazito ya mashine kwa asetoni. Osha kwa sabuni laini na maji ya moto, kwa mashine ya mawimbi ya sauti kama ipo, kisha suuza sana kwa maji yaliyoondolewa madini, kwa kuwa sabuni iliyobaki ni uchafu mpya. Malizia kwa alkoholi ya isopropili, ambayo huondoa maji na kile kilichoachwa na asetoni. Kausha kwa hewa safi isiyo na mafuta au kwenye oveni ya nyuzi 100 hadi 120 ikiwa kitu kinastahimili, baada ya alkoholi kuisha kabisa. Asetoni na alkoholi hushika moto haraka, kwa hiyo madirisha wazi na hakuna cheche karibu.

Usisugue uso wa ndani kwa msasa au unga wa kung'arishia. Punje hujikita ndani ya metali na hubeba mafuta. Kitu kikishakauka, kifunike kwa foili ya alumini isiyo na mafuta. Foili nyingine hutoka kiwandani na mafuta ya kukunjia, kwa hiyo ile ya jikoni usiifanye iguse uso wa ndani.

Hatua ya 5: Vuta, na andika shinikizo kwa saa

Kama una pampu ya mafuta, iwashe mapema ipate joto, na mwanzoni fungua ile valvu yake ndogo ya kuingiza hewa kidogo ndani ya pampu. Hewa hiyo huzuia mvuke wa maji usigeuke maji ndani ya mafuta. Bila hivyo mafuta huwa meupe na pampu hupoteza uwezo. Usiiache pampu ya mafuta ivute peke yake kwa saa nyingi chini ya milibari 0.1 hivi bila mtego wa kunasa mvuke wa mafuta, maana mvuke wa mafuta utaanza kurudi chomboni. Hapo ndipo pampu ya pili, ya ombwe kali, inatakiwa ichukue nafasi.

Andika shinikizo la dakika ya 1, ya 10, saa ya 1, saa ya 10. Chora kwenye karatasi ya grafu ambayo mihimili yote miwili inapanda kwa mara kumi (1, 10, 100). Mstari huo utakuambia mengi kuliko geji yenyewe. Maji yanayotoka kwenye uso wa metali hupungua kwa uwiano kinyume na muda: saa 10 zinakupa shinikizo lililo sehemu moja ya kumi ya lile la saa ya kwanza. Gesi inayotoka ndani ya plastiki na mpira ni mvivu zaidi, hufuata kipeuo cha pili cha muda, hivyo kupata upungufu uleule wa mara kumi unahitaji muda mara mia. Mstari ukilala kabisa, bila kushuka, basi ama kuna mvujo wa kweli au gesi inapenya kwenye mpira.

Mteremko ukiwa wa aina ya pili, usiendelee kungoja. Toa plastiki.

Hatua ya 6: Tenganisha mvujo na gesi ya kutemwa

Funga valvu iliyo kati ya chombo na pampu, kisha tazama shinikizo linavyopanda. Kwa chombo chetu cha lita 10, likipanda kutoka 4×10⁻⁷ hadi 1.2×10⁻⁴ ndani ya sekunde 60, zidisha ongezeko kwa lita 10 na ugawanye kwa 60. Unapata 2×10⁻⁵ milibari·lita kwa sekunde, ambayo ni jumla ya gesi yote inayoingia.

Umbo la mpando huo ndilo jibu. Mvujo kutoka nje hauna habari na shinikizo la ndani, kwa hiyo hupanda kwa mstari ulionyooka dakika baada ya dakika. Gesi inayotemwa na kuta hupanda haraka kisha hupinda na kulegea, kwa kuwa baadhi ya molekuli zinarudi kunata. Kijifuko cha hewa kinakuhadaa hapa, maana nacho hupanda kwa mstari. Ili kukitofautisha, puliza gesi ya heli kidogo kidogo kuzunguka viungo kwa nje, kuanzia juu, ukitazama kigunduzi cha heli kilichounganishwa na chombo. Mvujo wa kweli utajibu ndani ya sekunde. Kijifuko hakitajibu kamwe. Ukiona jibu linalokuja polepole na kupanda kwa dakika nyingi, huenda ni heli inayopenya kwenye gasketi ya mpira, na hiyo si hitilafu.

Aliye na kichanganuzi cha gesi zilizobaki, kifaa kinachoonyesha kila gesi kwa namba ya uzito wa molekuli yake, ana kazi nyepesi. Mlima mkubwa kwenye namba 18 ni maji, endelea kupasha moto. Namba 28 na 32 zikionekana pamoja, ya kwanza ikiwa mara nne au tano ya ya pili, ni hewa, na 40 ya agoni ikiwepo huna haja ya kuuliza zaidi. Namba 2 ikitawala, ni haidrojeni, na hiyo ni dalili njema: chombo kimekauka. Kundi la 41, 43, 55 na 57 ni mafuta. Hapo hakuna njia ya mkato, unarudi kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 7: Pasha chombo moto huku ukivuta

Anza kwa kutafuta kilicho dhaifu kuliko vyote. Gasketi ya Viton, dirisha la kioo, sumaku, kiungo cha umeme, shingo ya pampu yenyewe: kile kinachostahimili joto dogo kuliko vingine ndicho kinachoweka kikomo. Nyuzi 150 kwa siku moja au mbili zinatosha kuondoa sehemu kubwa ya maji. Chombo cha metali tupu kinaweza kwenda 250.

Zungushia mikanda ya hita, weka vipimajoto sehemu kadhaa, kisha funika kila kitu kwa foili ili joto lisambae. Hapa ndipo uangalifu unalipa. Sehemu moja iliyobaki baridi, labda kona ambayo mkanda haukufika, itapokea maji yote yanayofukuzwa kutoka sehemu za moto, na ukizima hita itaanza kuyarudisha taratibu. Afadhali nyuzi 120 kila mahali kuliko 200 huku na 50 kule.

Pandisha joto polepole, nyuzi moja kwa dakika au pungufu kama kuna kioo. Shinikizo litapanda sana mwanzoni, usiogope, ndicho ulichokitaka. Endelea mpaka shinikizo, joto likiwa bado juu, lishuke na kutulia. Kuzima mapema kwa sababu saa ulizopanga zimekwisha ni kuacha kazi njiani: fuata geji. Kabla hakijapoa kabisa, washa nyuzi za geji na vifaa vingine vya ndani vijisafishe kwa joto lao, ili vinachotema kiondoke wakati kuta bado haziwezi kukishika. Kisha acha kipoe taratibu.

Haidrojeni iliyomo ndani ya chuma haiondoki kwa joto hili. Kwa mahitaji ya juu kabisa, vipande vya chuma cha pua huchomwa kwenye tanuri la ombwe kwa nyuzi 950 hivi kabla ya kuunganishwa, utaratibu unaotumika CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe. Mabomba ya sehemu zisizopozwa za LHC, mashine yao kubwa ya kuharakisha chembe, yalipakwa pia utando wa titani, zirkoni na vanadi ambao ukipashwa moto hadi karibu nyuzi 200 huanza kumeza gesi, hivyo ukuta uliokuwa adui unageuka pampu.

Hatua ya 8: Fungua kwa adabu

Ukifungua kwa kuingiza hewa ya kawaida yenye unyevu, umerudisha maji yote uliyoyafukuza. Ingiza nitrojeni kavu badala yake, polepole, chombo kikiwa na uvuguvugu kidogo, na usipitishe shinikizo la nje kwa sababu vyombo hivi havikujengwa kusukumwa kutoka ndani. Nitrojeni haina harufu na huondoa oksijeni chumbani, basi usifanye hivyo kwenye chumba kidogo kilichofungwa. Andaa kila kifaa na gasketi mpya mezani kabla ya kulegeza boliti ya kwanza, acha nitrojeni iendelee kutiririka kidogo wakati chombo kiko wazi, na funga mapema iwezekanavyo.

Ukianza kuvuta tena, chora mstari mpya juu ya ule wa zamani. Ukifuatana na wa zamani, endelea na kazi. Ukiwa juu yake, au mteremko ukiwa mvivu kuliko kawaida, mshukiwa wa kwanza ni kile ulichoingiza mara hii. Kitoe, kipime peke yake ndani ya chombo kitupu kwa kufunga valvu kama kwenye hatua ya 6, na uandike kiwango chake kwenye daftari pamoja na jina na namba ya bidhaa.